Kufuli na Fundi Wake

Ndugu msomaji, mtu ajengaye nyumba hufikiri mambo mengi: miti, udongo, mabati, na upande wa kuelekeza mlango. Lakini nyumba ikiisha, kila jioni hulitegemea jambo moja dogo, nalo ni kufuli. Mtu huifunga, huutia ufunguo mfukoni, kisha hulala. Basi yafaa tuulize: kitu hiki tunachokiamini usiku kucha kilitoka wapi? Na je, yatosha kuiamini kufuli, au yatupasa kumtazama kwanza fundi aliyeitengeneza na mkono uushikao ufunguo wake? Habari za zamani zina majibu, nami nitazieleza kwa taratibu.

Neno kufuli tumelipokea kwa Waarabu, lakini ufunguo ni neno letu sisi, nalo latokana na kufungua, si kufunga. Waliotangulia waliona vema. Kufunga kila mtu aweza. Shida ni kujua ni nani awezaye kufungua.

KUFULI ZA MTI

Watu wa Misri na wa nchi za Mashariki walikuwa na kufuli za mti tangu zamani sana. Komeo la mti lilitobolewa matundu machache, na juu yake kiliwekwa kibao chenye vijiti vinavyocheza. Komeo liliposukumwa mahali pake, vijiti vilianguka kwa uzito wake vikaingia katika matundu, na komeo halikuweza kurudi tena. Ufunguo wake ulikuwa mti wenye meno, mfano wa mswaki mkubwa. Mwenye nyumba aliuingiza ndani ya komeo na kuuinua. Meno yake yakavisukuma vijiti juu, ndipo komeo likavutika.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba katika Isaya, sura ya 22, ufunguo watajwa kuwa wawekwa begani mwa mtu. Mtu aliyezoea ufunguo mdogo wa siku hizi aweza kushangaa, lakini akiufikiri ufunguo wa mti, mrefu na mzito, ataona maana yake. Na katika Waamuzi, sura ya 3, twasoma habari za watumishi wa Egloni mfalme wa Moabu, waliongoja nje ya chumba kilichofungwa hata wakaona haya, kisha wakatwaa ufunguo wakafungua.

Baadaye Warumi walitengeneza kufuli za chuma na za shaba, na funguo nyingine zilikuwa ndogo hata zikavaliwa kidoleni kama pete. Kisha kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya walitegemea vizuizi: vipande vya chuma vilivyosimamishwa ndani ya kitasa ili ufunguo usio na pengo mahali pake usiweze kuzunguka. Wakazipamba funguo zao kwa nakshi, zikapendeza machoni. Lakini wevi waligundua siri. Mwivi aliutwaa ufunguo, akaupiga tupa mpaka ukabaki mwembamba, wenye ncha tu; basi ulivipita vizuizi vyote bila kugusa, ukafungua vitasa vingi. Hivyo kufuli nzuri kwa macho haikuwa nzuri kwa kazi.

Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron alipata shauri jipya. Alitia ndani ya kitasa vipande vya chuma ambavyo ufunguo lazima uviinue kwa kipimo hasa. Vikiinuliwa kidogo, havifungui, na vikiinuliwa kupita kiasi, havifungui vilevile. Shauri hilo ndilo lililoanzisha kazi ya kufuli kama tuijuavyo.

UBAO WA DIRISHANI

Katika nchi hiyohiyo ya Uingereza alikuwako mtu jina lake Joseph Bramah, aliyezaliwa mwaka 1748 katika Yorkshire. Baba yake alikuwa mkulima. Joseph alipokuwa kijana aliumia mguu, asiweze tena kazi ya shamba, basi akatiwa kwa seremala ajifunze. Baadaye akaenda London, na mwaka 1784 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake wa kufuli. Ufunguo wake ulikuwa kama bomba dogo lenye mikato mwishoni, kila mkato na kina chake, nao ulisukumwa ndani kabla ya kuzungushwa.

Kufuli hii ilitaka vipande vilivyopimwa kwa usahihi mkubwa sana, na mafundi wenye mkono wa kuvitengeneza walikuwa adimu. Bramah akaambiwa habari za kijana mmoja mhunzi wa Woolwich, Henry Maudslay, mwenye miaka 18. Yasimuliwa kwamba mafundi wazee wa karakana walimdharau kwa kuwa hakutimiza miaka saba ya uanagenzi. Yeye hakujisifu wala hakugombana nao. Aliona jiriwa moja iliyochakaa, akaomba apewe kazi ya kuitengeneza siku ileile. Jioni ilipofika jiriwa ilikuwa kama mpya, na wazee wakanyamaza. Maudslay akawa mkono wa kuume wa Bramah, akamtengenezea mitambo ya kukatia vipande vya kufuli kwa usawa. Lakini mwaka 1797 aliomba aongezwe mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma, akakataliwa, akaondoka. Akafungua karakana yake mwenyewe, na hatimaye akawa mmoja wa mafundi wa mitambo mashuhuri kuliko wote wa nchi yake.

Tangu mwaka 1790 Bramah aliweka katika dirisha la duka lake, katika njia ya Piccadilly, kufuli moja pamoja na tangazo. Tangazo lilisema kwamba fundi awezaye kutengeneza chombo cha kuifungua kufuli ile atapewa gini 200, yaani pauni 210, ambazo zilikuwa mali nyingi siku zile. Miaka ikapita. Bramah akafa mwaka 1814, na kufuli ikabaki dirishani.

KITASA KINACHOSHTAKI

Mwaka 1817 palitokea wizi katika bandari ya serikali ya Portsmouth, nao wevi walitumia funguo za bandia. Serikali ikaahidi zawadi kwa fundi atakayetengeneza kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb wa mji huohuo akaleta kitasa cha ajabu. Mtu akijaribu kukifungua kwa chombo, na akainua kipande kimoja kupita kiasi, kitasa hujikaza, hakifunguki. Mwenye nyumba ajapo na ufunguo wake wa kweli hukuta umekataa kuzunguka, naye hujua mara moja kwamba mtu amekigusa.

Katika merikebu moja ya kufungia wafungwa, hapo Portsmouth, alikuwamo mfungwa ambaye zamani alikuwa fundi wa kufuli, naye alijisifu kuwa hakuna asichoweza kukifungua. Serikali ikaahidi kumsamehe kifungo chake, na Chubb akaahidi kumpa pauni 100, akikifungua kitasa kile. Alipewa vyombo na muda wa kutosha. Akafanya kazi kwa miezi, ingawa zawadi yake ilikuwa uhuru wenyewe, kisha akakiri kwamba ameshindwa.

Basi Waingereza wakatulia. Walikuwa na kufuli ya Bramah na kitasa cha Chubb, wakaona hakuna tena la kuogopa.

MGENI KUTOKA MAREKANI

Mwaka 1851 palifanyika Maonyesho Makuu mjini London, ndani ya jengo kubwa la vioo, na mataifa mengi yalileta kazi za mikono yao. Miongoni mwa wageni alikuwako Mmarekani jina lake Alfred Charles Hobbs, aliyezaliwa Boston mwaka 1812. Kazi yake ilikuwa kuuza kufuli, na njia yake ya kuuza ilikuwa hii: aliwaendea wakuu wa mabenki, akazifungua kufuli zao mbele ya macho yao, kisha akawaonyesha zilizo bora.

Tarehe 22 Julai 1851 Hobbs alipelekwa mbele ya mashahidi katika nyumba moja ya Westminster, penye mlango wa chumba imara uliofungwa kwa kitasa cha Chubb. Akatoa vyombo vyake vidogo, akaanza kazi. Baada ya dakika 25 mlango ulikuwa wazi. Wakamwambia aufunge tena, akaufunga kwa dakika 7, wala kitasa hakikuharibika.

Kisha akaligeukia dirisha la Piccadilly. Wamiliki wa duka walikubali, wakachaguliwa waamuzi, na Hobbs akapewa siku 30. Alifanya kazi katika siku 16, na saa zake zilipojumlishwa zilikuwa 51. Mwishowe kufuli iliyokaa dirishani zaidi ya miaka 60 ikafunguka. Wenye duka walilalamika, wakasema kwamba hakuna mwivi apataye kukaa siku 16 mlangoni pa mtu na vyombo vyake. Lakini waamuzi waliamua alipwe gini 200, naye akalipwa.

Watu wengi walimkasirikia Hobbs. Walisema kwamba amewafundisha wevi kazi yao, na kwamba mambo ya kufuli yangalibaki siri. Mwaka 1853 kilitolewa kitabu cha habari za kufuli kutokana na maandishi yake, nacho kilieleza jibu lake: wevi huijua kazi yao vema kuliko tuwezavyo kuwafundisha, asiyejua ni mwenye nyumba, ambaye hulala akiamini kitu kisichostahili kuaminiwa. Akificha kasoro, fundi hamfichi mwivi. Amficha yule aliyempa fedha.

Hata hivyo Hobbs naye hakubaki mshindi. Mwaka 1854 mmoja wa mafundi wa Chubb alifungua kufuli iliyotoka katika karakana ya Hobbs mwenyewe. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyoendelea: fundi mmoja huonyesha kasoro, mwingine huiziba, na kufuli huzidi kuwa njema. Mmarekani mwingine, Linus Yale kijana, aliyewahi kuwa mchoraji wa sura za watu, aliirudia ile kufuli ya mti ya watu wa kale. Badala ya vijiti alitia pini ndogo za chuma zilizokatwa vipande viwili na kusukumwa na springi, na ufunguo wake ukawa mdogo, bapa, wenye meno. Alipewa hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na mwaka 1865, akafa mwaka 1868. Ukiwa na ufunguo bapa wenye meno mfukoni mwako leo, shauri lililomo katika kufuli yake ni lilelile la vijiti vya Misri.

DHAHABU YA GARI LA MOSHI

Sasa na tusikie habari nyingine, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Usiku wa tarehe 15 Mei 1855 gari la moshi lilitoka London kwenda Folkestone, penye bandari ya kuvukia Ufaransa. Lilichukua dhahabu yenye thamani ya pauni 12,000 hivi, ndani ya makasha ya chuma yaliyotengenezwa na nyumba ya Chubb. Kila kasha lilikuwa na vitasa viwili, na funguo zake hazikufanana. Dhahabu ikavuka bahari. Lakini masanduku yalipofunguliwa Paris, ndani yake mlikuwa na marisau ya risasi mahali pa dhahabu. Makasha hayakuvunjwa. Waingereza wakasema wizi umefanyika Ufaransa, na Wafaransa wakasema umefanyika Uingereza.

Je, alikuja Hobbs mwingine na vyombo vyake? La. Hapana kitasa kilichoshindwa usiku ule. Mwivi mkuu, Edward Agar, na mwenzake William Pierce, aliyewahi kufanya kazi katika shirika lile la reli, walijua kwamba hawaviwezi vitasa. Kwa hiyo waliwatafuta watu. Wakampata William Tester, karani wa shirika, na James Burgess, gadi wa gari la moshi. Makasha yalipopelekwa kwa fundi ili vitasa vyake vitengenezwe upya, barua za kazi ile zilipita mikononi mwa Tester. Akautoa ufunguo mmoja kwa muda mfupi, na Agar akaukandamiza katika nta, akapata sura yake. Ufunguo wa pili ulikuwa katika ofisi ya Folkestone. Siku moja makarani walitoka kwenda kuipokea meli, wakaiacha ofisi bila mtu. Agar na Pierce wakautoa kabatini, wakaukandamiza katika nta, wakaurudisha mahali pake. Kisha Agar akachonga funguo zake kwa subira. Usiku wa safari Burgess alimwingiza katika behewa la mizigo, naye akafungua makasha kama mwenyewe.

Nao wevi hawakuaminiana kwa muda mrefu. Agar alishikwa kwa hila nyingine ya hundi, akahukumiwa kuhamishwa maisha mpaka ng'ambo. Fedha zake alimwachia Pierce amtunze Fanny Kay, mwanamke aliyezaa naye, pamoja na mtoto wao. Pierce akazila. Mwaka 1856 mwanamke yule, katika dhiki yake, akaenda kwa wakuu wa serikali akasema alivyojua, na Agar aliposikia kwamba amesalitiwa akafunua mambo yote. Januari 1857 Tester na Burgess walihukumiwa miaka 14 ya kuhamishwa, na Pierce miaka miwili ya kazi ngumu.

Waliotangulia walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Kitasa cha Chubb kilifanya kazi yake. Walioshindwa ni watu waliopewa funguo.

MASHAURI YA KUMCHAGUA FUNDI

Katika habari hizi twaweza kupata mashauri kwa nyumba zetu.

La kwanza, mwogope fundi asemaye kwamba kufuli yake haifunguki na mtu yeyote. Maneno hayo yalisemwa London kwa miaka 60, na mwisho wake tumeuona. Fundi mwema atakuambia, Kufuli hii yazuia jambo hili, lakini jambo lile haiwezi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

La pili, itazame kazi yake kabla ya maneno yake. Maudslay hakutoa hoja, alitengeneza jiriwa. Waulize watu ambao fundi huyo aliwafanyia kazi mwaka jana, si jana tu. Na mpatane bei kabla hajagusa mlango.

La tatu, zihesabu funguo. Kufuli mpya ikifika, fundi akukabidhi funguo zote mkononi mwako, naye akitaka kuchonga nyingine aichonge mbele ya macho yako. Usimpe mtu wa kupita ufunguo wako aende nao hata kwa dakika chache. Nta haihitaji muda mrefu. Ukipotea ufunguo, au akiondoka mtu aliyekuwa nao, badili kufuli. Gharama yake ni ndogo kuliko majuto.

La nne, fundi mwema hukuuliza maswali. Ukimwita aufungue mlango wako kwa kuwa umepoteza ufunguo, naye akataka jirani ashuhudie kwamba nyumba ni yako, usimkasirikie, mshukuru. Yule akufunguliaye bila kuuliza atamfungulia na mwingine bila kuuliza.

La tano, kufuli haiwi imara kuliko mlango. Wako watu wanunuao kufuli ya bei kubwa, wakaining'iniza katika tumbuu iliyoshikwa na misumari miwili katika ubao uliooza. Mwivi hana haja ya kuigusa kufuli hiyo, huing'oa tumbuu. Fundi mwaminifu atakuambia utengeneze ubao kwanza, ijapokuwa kwa kusema hivyo atakosa kukuuzia kufuli siku hiyo. Hapo ndipo utakapomtambua.

Na la mwisho ni hili. Kufuli ya Bramah ilimzuia Hobbs saa 51. Wenye duka walisema kweli: hakuna mwivi apataye saa hizo, kwa kuwa watu watamwona. Basi kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwivi. Kumwona ni kazi ya watu. Kufuli njema katika kijiji ambacho jirani husikia mlio wa usiku akatoka na taa yake, hiyo ni kinga kweli. Lakini kufuli ileile katika nyumba ambayo ufunguo wake umeshikwa na mtu asiyeaminika haina nguvu hata ya dakika moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua kufuli, mtazame fundi kwanza. Na ukirudi nyumbani, fikiri ni nani utakayempa ufunguo wa pili.